Simiti Tunayo, Ramani Je?

Ukitaka kukosa simiti, Bamburi si mahali pake. Kiwanda kimekuwa kikiisaga hapa tangu 1954, na mtaa mzima umekulia kwenye vumbi lake. Kwa hivyo makao ya watoto yakitangaza kwamba yanataka kujenga madarasa, simiti itakuja. Wa msikiti watatoa mifuko, wa kanisa watatoa mabati, hoteli fulani itatoa rangi iliyobaki, na mgeni mmoja atalipia kibao cha mlangoni chenye jina lake. Kitu ambacho hakuna anayekimbilia kukilipia ni ramani.

Msanifu majengo? Ya nini? Fundi si yuko? Ni madarasa matatu tu, kwani ni hoteli?

Ugomvi wangu ni na hiyo "tu". Manake mtu akijenga nyumba za kukodisha wageni karibu na bahari, haanzi na fundi. Anatafuta msanifu, anamlipa, wanabishana upepo uingie wapi. Nyumba ya mgeni wa wiki mbili inachorwa, darasa ambalo mtoto atakaa miaka minane linakisiwa. Tukiuliza tunaambiwa ati cha msaada hakichaguliwi. Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo usinione mtetezi wa watu wenye vyeti. Ninachotetea ni mtoto kujengewa na mtu aliyemfikiria kwanza.

Tuanze na uhai. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu, wa 2008, unasema bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na grili. Kitanda na kitanda viachane mita 1.2. Maneno haya yana makaburi nyuma yake: Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea. Na mwongozo ukiwa umeshaandikwa, Septemba 2024 tukazika wengine 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Simsemi fundi vibaya. Fundi wetu anajua ukuta kuliko mtu yeyote. Lakini ukimwambia tia grili, wezi wamezidi, atatia. Msanifu aliyesajiliwa anaweka sahihi yake kwenye ramani, na mwenye sahihi ana sababu ya kukwambia hapana. Likitokea la kutokea, kuna mtu wa kuulizwa.

Halafu joto. Kaa chini ya mabati yasiyo na dari saa nane mchana mwezi wa Februari, kisha ufanye hesabu za kugawanya. Francis Kéré alipojenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001, aliliinua paa la mabati juu ya dari ya matofali, akaacha nafasi hewa moto itoke. Udongo ulikuwa wa hapohapo, na wanakijiji walijenga wenyewe. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, kubwa kabisa katika fani hiyo. Karibu zaidi nasi, Tadjourah, Djibouti, ofisi ya Urko Sanchez, ambayo imejenga Lamu na Mombasa pia, ilichora kijiji cha watoto cha SOS chenye nyumba 15 zilizobanana, vichochoro vikipeana kivuli. Vichochoro vya namna hiyo tunavyo Mji wa Kale, ng'ambo tu ya daraja la Nyali. Sasa sisi wenye navyo ndio tunaowapikia watoto ndani ya sufuria?

Najua jibu: pesa hiyo si ingenunua unga? Ingenunua. Lakini ada ya msanifu ni sehemu ndogo ya gharama ya mjengo, na ukuta unaobomolewa ujengwe upya unakula unga mwingi zaidi. Wengine watasema kuna wanafunzi kutoka Ulaya watachora bure. Wanakuja Julai, Agosti wameshapanda ndege. Nyufa zikitokea masika ya Mei utampigia nani? Wasanifu wako hapahapa Mombasa. Walipwe.

Ila kazi kubwa ya msanifu mzuri inakuja kabla hajashika penseli. Atauliza: miaka kumi kutoka leo, jengo hili litakuwa la nani? Swali hilo ndilo wengi hawalitaki. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao warudi kwenye familia. Wengi wa watoto wanaoishi kwenye makao duniani wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Ukijenga shule nzuri ndani ya ukuta wenye vigae vya chupa juu, unamwambia mama wa Utange asiye na karo: mlete mwanao alale huku, ndipo asome. Hapo shule imekuwa chambo.

Igeuze. Lango liangalie barabara, watoto wa Mtambo na Kiembeni waingie asubuhi, na wote jioni warudi kwao. Mabweni yakifungwa, shule ibaki. Bamburi hii hii, 1971, René Haller alilitazama shimo lililochimbwa mawe ya simiti likaachwa, akajiuliza litakuwa nini baadaye. Akapanda mivinje, akaleta majongoo wale majani yageuke udongo, na leo ni msitu. Kama shimo lilifikiriwa hivyo, darasa je?

Kwa hivyo ukiletewa kadi ya mchango, uliza matatu: ramani imechorwa na nani, amelipwa ngapi, na lango linaangalia wapi. Wakibabaika, simiti yako ibaki dukani kwanza. Haitaoza wiki mbili za kumtafuta msanifu.