Saa 48 za Lisbon ni uongo, na mimi ndiye niliwauzia

Wasee, leo nakuja na roho safi lakini mdomo mkali. Na huo mdomo naanza kuuelekeza kwangu mwenyewe.

Mwaka jana niliweka posti hapa: sehemu 15 za wapenzi kutembelea Lisbon kwa saa 48. Mliipenda. Mliisambaza mpaka shangazi yangu akanitumia kwa WhatsApp bila kujua ni yangu. Shida ni moja tu. Mimi sijawahi kukanyaga Lisbon. Ile orodha niliipika kitandani, chai ya rangi mkononi, bando likikaribia kuisha, nikitazama video za watu ambao nashuku nao walikuwa wametazama za wengine.

Halafu mfuasi mmoja, Mkenya anayeishi Ujerumani, akaenda na mpenzi wake na kuifuata orodha yangu mwanzo hadi mwisho. Aliporudi akaniandikia. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliniambia tu kwamba walifika kote 15, picha zilitoka fiti, lakini Jumapili kwa ndege hakuna aliyekuwa anamwongelesha mwenzake.

Walikosania wapi? Kwa foleni ya tramu namba 28. Jua linawaka, mmoja anataka wasubiri kwa sababu orodha imesema, mwingine ana njaa. Mnajua hiyo vita. Hakuna anayeshinda.

Basi wacha tufanye hesabu ambayo sikuwafanyia. Mnatua Ijumaa saa moja jioni, mnaondoka Jumapili saa kumi na moja jioni. Hayo ni masaa 46. Toa 16 ya kulala, yanabaki 30. Toa sita ya kula, yanabaki 24. Toa manne ya uwanja wa ndege na kubeba mizigo, yanabaki 20. Gawa kwa sehemu 15. Kila sehemu ina saa moja na dakika 20, na humo ndani kuna kupanda milima, kusubiri foleni, kutafuta choo na kugombana kuhusu ramani. Hiyo si safari ya mapenzi. Hiyo ni shifti.

Na ni ujinga kufanya hivyo Ureno, kati ya nchi zote. Hawa ni watu ambao muziki wao mkuu, fado, ni wa kukaa chini. Taa hupunguzwa, mwimbaji anasimama na gitaa mbili, na wote mnanyamaza. Ukipiga stori wakati anaimba unajichomea. UNESCO iliuweka muziki huo kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2011. Wana neno, saudade, la ile hamu ya kitu au mtu aliye mbali nawe. Sasa wewe unaenda kwa watu wa saudade ukiwa na ratiba ya dakika 80?

Najua mtaniambia nini. Ya kwanza: "Nimelipa pesa mingi, lazima nione kila kitu."

Hapana. Umelipa pesa mingi ndiyo sababu usiitupe. Chukulia Sintra, ambayo kila mtu huiweka Jumamosi asubuhi. Treni kutoka kituo cha Rossio ni kama dakika 40. Sawa. Halafu upande mlima hadi kasri la Pena, ambako tiketi ya kuingia ndani ina saa yake, ukichelewa imekula kwako. Halafu urudi. Siku imeisha, na jiji ulilokuja kuona umeliona kupitia dirisha la treni. Sintra ni tamu, lakini inataka siku yake. Ukiibana ndani ya wikendi umekosa Sintra na umekosa Lisbon.

Na hiyo tramu 28, tuseme ukweli. Hiyo ni matatu ya watu. Kuna wazee wanaoishi kwenye vile vilima wanaohitaji kufika nyumbani na mboga zao. Hebu fikiria umetoka kazini, umesimama stejini Rongai saa kumi na mbili jioni, na kila gari linalokuja limejaa wapenzi wa kigeni wanaopiga selfi. Ungewapenda? Halafu wezi wa mifukoni wanaijua hiyo laini vizuri kuliko wewe. Tembeeni kwa miguu. Vaa viatu vyenye mshiko tu, maana yale mawe meupe ya njiani huteleza kama sabuni mvua ikinyesha.

Ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuikwepa: "Sisi ni Wakenya. Visa ni kazi. Nikienda mara moja huenda nisirudi, acha nione yote."

Hii naiheshimu. Ombi la visa ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, kwa hiyo nyinyi wawili ni 180, na wakikataa hamrudishiwi. Juu yake weka bima ya safari ya angalau euro 30,000 za matibabu, taarifa za benki, barua za kazi, na kusubiri. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Lisbon, lazima mbadilishe njiani. Kwa hiyo nasema wazi: kama unatoka Nairobi, usiende Ureno kwa wikendi. Kabisa. Wikendi ya Ureno ni ya wale ambao tayari wako Ulaya, wenye kusoma na wenye kazi huko. Wewe wa Nairobi ngoja, weka akiba, nenda wiki nzima, na hata hiyo wiki chagua miji miwili pekee. Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu ili uende kupiga picha mbele ya kigae. Ukikopa kwa ajili ya mapenzi, deni litarudi nyumbani na nyinyi, na likae katikati ya kitanda.

Lakini ona kosa lililo ndani ya hiyo hoja. Kama nafasi ni moja, ndiyo sababu ya kwenda polepole. Mwaka mmoja baadaye huwezi kukumbuka kanisa la saba. Utakumbuka mlikaa wapi, mkala nini, na alikuambia nini.

Sasa, mtu akibomoa lazima ajenge. Yule mfuasi na mpenzi wake walipatana, wakarudi Ureno mwaka huu. Safari hii walinilazimisha nisome vizuri kabla ya kufungua mdomo, na wao wakanisahihisha kutoka huko. Hii ndiyo tuliyotengeneza.

Kanuni ya kwanza: jiji moja, mtaa mmoja. Mkichagua Lisbon, laleni Alfama au Graça. Alfama ni mtaa wa zamani ulionusurika kwa sehemu kubwa tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lililobomoa jiji, ndiyo maana vichochoro vyake bado vimepindapinda kama vya Lamu. Mkichagua Porto, kaeni karibu na mto Douro, mvuke daraja la Dom Luís I kwa miguu jioni, la mwaka 1886, muingie upande wa Gaia ambako divai ya Porto huhifadhiwa kwenye maghala. Na usiku mnaburuta sanduku kwenye vichochoro hivyo, libebeni. Kuna watu wamelala, na wenyeji wa Lisbon wameshaandamana vya kutosha kuhusu nyumba za kupanga kugeuzwa za wageni.

Kanuni ya pili: jambo moja la kupangwa kwa siku. Moja. Jumamosi ni fado usiku, meza mmeiweka mapema. Jumapili ni sehemu moja mnayoitaka kweli. Yaliyobaki ni kukaa. Lisbon ina vituo vya kutazamia jiji, wanaviita miradouro, na kuingia ni bure. Senhora do Monte ni mmoja. Nunueni mkate, jibini na zeituni, mkae hadi jua lizame. Mkitaka maji, kuna feri kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, kama dakika kumi, bei ya usafiri wa kawaida wa raia. Ni Likoni yao. Hakuna anayeiimba mitandaoni, na jiji lote mnaliona mkiwa mmeshikana mikono.

Kanuni ya tatu: jua pesa ndogondogo, maana ndizo huleta ugomvi. Ukikaa mkahawani, mhudumu ataweka mkate, siagi na zeituni bila kuulizwa. Si zawadi. Ukila unalipa, usipotaka mwambie aondoe, na hakuna atakayekuona mchoyo. Kodi ya watalii Lisbon ni euro 4 kwa mtu kwa usiku, kwa hiyo wawili kwa usiku mbili ni euro 16. Porto ni euro 3, yaani 12. Kahawa ndogo na kile kitobosha cha maziwa na mayai, pastel de nata, hazimalizi mfuko. Nyunyiza mdalasini juu.

Kanuni ya nne ndiyo yenye moto: msipite Belém kama vipofu.

Kila orodha inawapeleka Belém, na yangu pia. Mnapiga picha kwenye monasteri ya Jerónimos, mnakula nata, mnaondoka. Humo ndani amezikwa Vasco da Gama. Yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, akasaidiwa kupata nahodha wa kumvusha hadi India. Monasteri yenyewe ilijengwa kwa kodi ya biashara ya viungo. Miaka saba baada ya Malindi, mwaka 1505, meli za Wareno ziliichoma Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, na wakatolewa mwaka 1698. Sisemi mkatae kuingia. Ingieni, simameni mbele ya hilo kaburi, muongee. Mapenzi ambayo hayawezi kubeba mazungumzo ya dakika 20 kuhusu ukweli hayatabeba ndoa.

Na kuna kitu kizuri kwenye hiyo historia pia. Meza ni neno lao. Bendera ni lao. Mvinyo, lao. Gereza limetoka kwa igreja, yaani kanisa. Na leso? Imetoka kwa lenço, kitambaa cha mkono. Sasa sikieni hii. Kule Minho, kaskazini mwa Ureno, wasichana walikuwa wanashona maneno ya mapenzi kwenye vitambaa na kumpa kijana wanayempenda. Akikivaa hadharani, mtaa mzima unajua amekubali. Waliandika jinsi walivyotamka, na hadi leo vitambaa hivyo hushonwa na makosa yale yale ya tahajia, kwa sababu ndiyo utamu wenyewe. Leso yetu ina jina, lenço yao ina jina. Mpelekee mpenzi wako leso kutoka Biashara Street, mnunulie lenço huko, mbadilishane. Hiyo inashinda video ya sekunde 15.

Na kama mnataka kuwa tofauti kabisa, rukeni Lisbon, nendeni Coimbra, mji wa wanafunzi ulio njiani kati ya Lisbon na Porto. Ndiko Inês de Castro aliuawa mwaka 1355 kwa amri ya mfalme, kwa kosa la kupendwa na mwana wa mfalme, Pedro. Pedro alipokuwa mfalme alimjengea kaburi huko Alcobaça na lake mwenyewe, na leo makaburi hayo yameelekeana nyayo kwa nyayo. Wenyeji husema ni ili siku ya ufufuo, wakiinuka, wa kwanza kumwona ni mwenzake. Huyo jamaa alipanga kumtazama mtu mmoja hadi mwisho wa dunia. Wewe umeshindwa kumtazama wako kwa chakula cha jioni kimoja, unatafuta engo.

Mtu atasema mimi ni nani wa kusema, sijaenda hata mara moja. Ni kweli. Lakini nilipokuwa nawadanganya pia sikuwa nimeenda, na hamkuniuliza. Sisi wenye kuandika hivi vitu tunajua "sehemu 15" inavutia kuliko "kaeni mahali pamoja". Tunauza namba. Nyinyi mnalipa kwa miguu, kwa pesa, na wakati mwingine kwa uhusiano.

Ile posti nimeifuta leo asubuhi. Ilikuwa ndiyo yenye watazamaji wengi zaidi kwenye ukurasa wangu. Imeniuma, siwezi kudanganya.

Wale wawili wako Porto ninapoandika hii. Nilimuuliza wamefanya nini tangu jana. Akajibu kwa neno moja: tumekaa.