Chungu cha Askari na Bei za Sokoni

Mwezi wa Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Tangu hapo kila apitaye katika soko la Ruvumera au la Cotebu ameona kwa macho yake mwendo wa bei. Uhaba wa petroli nao ukazidisha uzito, kwani maharage ya Kirundo hayaji Bujumbura kwa miguu. Kisha, mwishoni mwa 2024, ikamalizika kazi ya wanajeshi wetu katika vikosi vya Umoja wa Afrika huko Somalia, iliyoanza Desemba 2007, na posho iliyotegemewa na nyumba nyingi za askari ikakoma pamoja nayo.

Twawaandikia wanajeshi na polisi kwa sababu hali yao ina jambo la pekee. Askari aliye kambini hulishwa kwa saa. Chungu chenye mashaka ni kile cha nyumbani kwake, ambacho yeye hakioni. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini 2016-2017 ulionyesha kuwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na si njaa tupu iwadumazayo. Mtoto aweza kushiba bugali wa muhogo kila siku, tumbo likajaa, na mwili usikue.

Basi sehemu ya dhiki ni fedha, na hiyo hatuwezi kuimaliza kwa maneno. Mwiko haupandishi mshahara. Lakini sehemu nyingine ni maarifa, na maarifa hayo yanafundishwa hapa hapa nchini. Katika vikao viitwavyo FARN, akina mama hukutana kwa muda wa siku 12 hivi nyumbani kwa jirani yao aitwaye Maman Lumière, yaani mama wa nuru. Huchaguliwa kwa kuwa watoto wake wamestawi ingawa si tajiri kuwapita wenzake. Kila mmoja huleta alicho nacho: unga, maharage, lengalenga, ndagala, mawese. Hupika pamoja, hulisha watoto pamoja, na watoto hupimwa uzito mwanzo na mwisho. Hakuna anayefundishwa chakula kisichopatikana kilimani kwake. Tumeona hapo ndipo penye nguvu ya mafunzo haya: mama hurudi nyumbani akijua kwamba aweza, maana amekwisha kufanya.

Tutazame vitu vyenyewe. Maharage yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, huiva upesi na kuokoa makaa, ambayo mjini Bujumbura ni gharama kubwa. Yakisha kuchemka sana kwa muda, chungu chaweza kuepuliwa, kikafunikwa vizuri, kikavikwa blanketi kuukuu ndani ya kikapu. Joto lililomo litaendelea kuyalainisha bila makaa. Lakini yasiliwe kabla hayajaiva sawasawa, kwani maharage mabichi yana sumu. Nyanya au ndimu ikiliwa pamoja nayo huusaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai ya rangi inywewayo hapo hapo huyazuia. Sombe itwangwe vema na ichemshwe bila kifuniko, ili sumu ya muhogo itoke na mvuke. Mawese ya Rumonge yana vitamini A katika wekundu wake ule ule. Anayeyaunguza mpaka yakawa meupe amechoma dawa ya macho ya mtoto. Ndagala waliokaushwa, wakisagwa wazima na mifupa yao, kijiko kimoja ndani ya uji humpa mtoto protini na chokaa ya mifupa, naye hatalalamika miiba.

Hayo si mambo ya wanawake peke yao, ingawa tunajua wapo watakaocheka wakisoma hapa. Polisi aliyehamishiwa kituo cha mbali, anayeishi chumba kimoja na jiko la makaa, hununua sambusa na mkate kila jioni kwa kuwa hajiamini mbele ya sufuria. Mwezi haujafika katikati, mfuko umekauka, na cha kupeleka nyumbani hakipo. Uingereza, ikiwa vitani mwaka 1940, iliona upishi kuwa jambo la serikali: Lord Woolton alifanywa Waziri wa Chakula, na redio ikawa inafundisha kila asubuhi namna ya kupika viazi, karoti na mboga za bustani. Kambi zetu zina wapishi wenye uzoefu wa vyungu vikubwa. Sioni haya kwa kikosi kuwaomba wapishi hao, pamoja na mama wa nuru mmoja wa mtaa ulio jirani, wawafundishe askari na wake zao Jumamosi moja kwa mwezi.

Jambo moja halingoji Jumamosi. Mwaka 2024 nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Ziwa linapofungwa hivyo, ndagala huadimika na bei hupanda. Mwenye kununua na anunue mwezi wa Aprili, wakiwa wakavu kweli kweli, awaweke katika chombo chenye mfuniko mbali na unyevu.