Vishikizo Vinabaki

Mwezi wa kumi na moja wa kusubiri kibali, mwenzangu mmoja maabara aligonga kikombe mezani akasema, "Vyuma viwili na boliti nane! Hawa watu wanataka nini zaidi?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo naitwa wakili wa makaratasi. Haya, basi niwe wakili kwelikweli.

Niko Marekani, nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya angahewa. Kikundi chetu kinatumia Cessna 337, ndege ndogo ya injini mbili: moja puani inavuta, nyingine nyuma ya kabini inasukuma. Tunataka kutundika chini ya kila bawa kasha la vifaa vya kunasa chembe za moshi wa misitu inayoungua. Ili kasha likae, bawa linahitaji vishikizo, yaani sehemu zilizoimarishwa na kufungwa kwenye boriti kuu. Kwa sheria za huku hayo ni mabadiliko makubwa. Ama mamlaka ya anga inaidhinisha ndege hiyo moja tu kwa fomu ambayo, kwa sadfa ya kuchekesha, nayo inaitwa 337, ama unaomba cheti cha nyongeza juu ya cheti cha aina cha ndege.

"Ni kilo chache tu," wanasema wenye haraka. Lakini kilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Angani mzigo chini ya bawa huisaidia boriti, kwa sababu hewa inalipinda bawa kwenda juu nao unalivuta chini. Ndege ikitua kwa kishindo, mzigo uleule unageuka kuwa adui. Boriti inatakiwa ihimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kuliko wote unaotarajiwa, na huo "unaotarajiwa" lazima mtu akae aukokotoe. Kisha bawa lina mdundo wake. Ongeza uzito mahali pasipofaa, mdundo wa kupinda na mdundo wa kujisokota vinakaribiana, na ukifika kasi fulani kila mtetemo unalisha unaofuata mpaka bawa linavunjika.

Halafu kuna injini. Watu hudhani injini mbili ni bima. Kwenye ndege ndogo, injini moja ikizimika hupotezi nusu ya uwezo wa kupanda. Unapoteza karibu wote, maana nguvu ya ile iliyobaki inaishia katika kazi ya kuendelea kuwa angani. Kidogo kilichosalia ndicho kinachokuvusha juu ya miti mwisho wa uwanja. Makasha mawili yanayokinzana na upepo yanaweza kukila hicho kidogo chote. Cessna 337 ilibuniwa injini zikae mbele na nyuma ili moja ikifa ndege isivutwe upande, lakini hilo halirudishi nguvu ya injini iliyokufa.

Kwa hiyo anayeita haya urasimu aniambie ni karatasi ipi tuichane. Rubani wetu ana watoto wawili. Mimi mwenyewe nitakaa kiti cha nyuma na kompyuta mapajani.

Ugomvi wangu na ofisi ile ni mwingine kabisa. Inauliza machache mno.

Babu yangu aliuza mahindi karibu na Mgagao, Iringa, palipokuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Alikuwa akisimulia vijana waliokuja kununua, wakatania, wakafundishwa maneno mawili matatu ya Kihehe, kisha hawakuonekana tena. Wapiganaji waliopitia Mgagao walielekea Msumbiji. Tarehe 23 Novemba 1977 jeshi la Rhodesia lilishambulia kambi ya Chimoio huko Msumbiji, na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Miongoni mwa ndege zilizotumika siku hiyo ilikuwapo Lynx. Lynx ni jina tu. Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 337 iliyoundwa Reims, Ufaransa, ikiwa na vishikizo chini ya mabawa, na iliifikia Rhodesia mwaka 1976, miaka kumi baada ya Umoja wa Mataifa kuiwekea nchi hiyo vikwazo. Chini ya mabawa yale yalitundikwa maroketi na mabomu ya moto.

Ndege yetu, bawa letu. Hesabu za boriti ni zilezile, mtetemo ni uleule. Fomu inataka kujua kama bawa litashika. Haina mstari wa kuuliza litashika nini, wala juu ya vichwa vya nani.

Utaniambia silaha zina sheria zake za kuuza nje na ofisi yake. Najua. Lakini sisi hatutafika kwenye ofisi hiyo, kwa sababu kasha la kunasa moshi si silaha. Ufadhili wetu ukiisha, kasha litarudi kabatini maabara, na ndege, ambayo si ya chuo, mwenyewe ataiuza akitaka. Vishikizo vitabaki bawani, vimeandikwa kwenye kitabu cha ndege kuwa ni halali na imara, vikimsubiri mnunuzi. Sehemu ngumu tutakuwa tumeshamfanyia, kwa pesa ya utafiti.

Nimeandika ukurasa mmoja wa kuambatanisha na mradi wetu: utafiti ukiisha, vishikizo vifunguliwe, matundu yazibwe, bawa lirudishwe kama lilivyokuwa, na gharama yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Rasimu imerudi kutoka kwa msimamizi wangu ikiwa na mstari mwekundu juu ya ukurasa huo na maneno mawili pembeni: "Haituhusu." Jana usiku nimeurudisha mahali pake, na namba ya ukurasa.