Arg0 na arg1 zilivyomliza mtoto wa watu

Kimya kingi, si mnajua tena mambo ya field. Nipo Mikumi nafundisha hesabu, mwenzangu yuko Kilosa mjini. Shule zetu zilifanya mtihani wa ujirani mwema, sisi wajuaji tukasema matokeo tutayakusanya kwa programu.

Nikaandika huduma kwa Java, nikitumia Apache CXF. Inapokea namba ya mwanafunzi na alama zake, basi. CXF ikanitengenezea yenyewe faili la WSDL, yaani lile tangazo linaloziambia programu nyingine zitume nini na kwa mpangilio gani. Sikulifungua hata kulitazama.

Kumbe ndani kumeandikwa arg0 na arg1, zote namba nzima! Ndivyo inavyofanya usipoipa majina. Mwenzangu akadhani arg0 ndiyo alama. Mwenye namba 12 alipata 67, ikatoka namba 67 kapata 12. Binti mwenyewe wa 67 huwa hashuki sabini... alilia jamani, nikakosa pa kuweka uso. Wengine hawakuonekana kabisa kwenye orodha, tukawaita watoro.

Sasa kuna jamaa zetu wanasema faili likizalishwa na mashine usiliguse, maana ukiliandika kwa mkono kesho kodi inabadilika nalo linabaki vilevile. Ni kweli, siwabishii. Lakini kutoligusa si sawa na kutolisoma! Mimi niliweka @WebParam kwenye kodi, majina yakawa nambaMwanafunzi na alama, faili likazalishwa upya likiwa na akili. Mwenzangu naye akazalisha upya upande wake.

Mwingine kaniambia ningeweka mpaka wa alama, 0 hadi 100. Mpaka ni mzuri, ingawa CXF haiukagui mpaka uwashe ukaguzi wa skima. Ila hapa usingesaidia kitu, 12 na 67 zote zimo ndani. Kilichokosekana ni jina tu.

Tena WSDL tangu toleo la 1.1 la mwaka 2001 ina sehemu ya maelezo ambayo watu wanaiacha tupu. Ukiitaka, unaweka @WSDLDocumentation kwenye kodi, CXF inayaingiza maelezo yenyewe faili linapozalishwa. Mimi nimeijaza kwa Kiswahili, mwalimu wa Kilosa asome aelewe.

Orodha mpya imebandikwa jana. Haya, ngoja nikamwombe yule binti msamaha, kipindi cha pili ni changu.