Stesheni za Makueni Zinahitaji Ratiba Kuliko Majengo

Mbumbuni haina reli, na hakuna anayedai ipandishwe hadi vilima vya Mbooni. Hata hivyo, mjadala wa stesheni ndogo za Makueni unawahusu watu wa Mbumbuni, Tawa na Kalawa sawasawa na unavyowahusu wakazi wa Emali, kwa kuwa stesheni yoyote huishi kwa nchi iliyo nyuma yake: vijiji vinavyoiletea abiria na masoko yanayopokea mizigo yake. Swali ni kama reli ya zamani inayopita Emali, Sultan Hamud, Kima, Ulu na Konza irudishiwe treni ya abiria ya kila siku hadi Nairobi, au kama ile mpya ya SGR inatosha. Nikiitazama ratiba ya SGR, sioni jinsi mtu anavyoweza kusema kwamba inatosha.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi Mei 1899. Katika nchi ya Wakamba ilifuata uwanda wa chini, ikiviacha vilima vya Mbooni na Kilungu upande wa kaskazini, walikokuwa wakulima wengi na mvua ya kutegemewa. Kwa hiyo tangu mwanzo stesheni hizi hazikuwekwa kwa ajili ya wenyeji. Treni za mvuke zilihitaji maji na kuni njiani, na kwa kuwa njia ilikuwa moja tu, ilibidi pawe na mahali pa treni kupishana. Sultan Hamud, karibu na maili ya 250 kutoka Mombasa, ilipewa jina la Hamoud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Makindu ikawa kituo kikubwa cha kazi za reli, na hekalu la Masingasinga lililojengwa hapo mwaka 1926 lingali linampa msafiri chakula na malazi bila malipo. Kima inakumbukwa kwa simba aliyeingia ndani ya behewa usiku wa Juni 1900 na kumuua afisa wa polisi Charles Ryall, na behewa lenyewe limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Kisa cha simba kinapendwa sana, lakini kimeifunika historia yenye manufaa zaidi, yaani ile ya huduma. Stesheni ya aina hii ilikuwa jengo dogo lenye dirisha la tiketi, chumba cha vifurushi, simu ya reli na mkuu wa stesheni ambaye dereva hakuweza kuingia kwenye kipande cha njia kilicho mbele bila idhini yake. Kwa miaka mingi hapo ndipo barua zilipopokewa, ndipo mkonge wa Kibwezi ulipopakiwa, na pembeni yake maduka ya Wahindi na soko la ng'ombe vikachipuka. Miji mingi ya Makueni iliyo kando ya barabara ya Mombasa inadaiwa na reli namna hiyo. Na jengo lile lilikuwa na maana kwa sababu moja: treni ilisimama pale kwa saa iliyojulikana, na mwenye shamba la mbali aliweza kuipangia safari yake.

Saa hiyo ilipopotea, kila kitu kilipotea. Dizeli ilipochukua nafasi ya mvuke, treni hazikuhitaji tena kusimama kunywa maji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja likafa nayo, na Kenya ikaunda Shirika lake la Reli mwaka 1978. Kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli mwaka 2006 na ikanyang'anywa mwaka 2017. Katika miaka hiyo yote barabara ya Mombasa ilikuwa ikiboreshwa na matatu zikiongezeka, huku treni ya abiria ikichelewa mpaka watu wakaacha kuiuliza. Mwaka 2017, SGR ilipokuwa tayari, treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa iliondolewa kabisa.

Basi tuitazame SGR. Ilizinduliwa Mei 31, 2017, na ndani ya Makueni ina stesheni tatu: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Ni majengo ya kupendeza, yenye sakafu zinazong'aa na nafasi kubwa kuliko abiria wanaoingia. Lakini treni ya haraka hupita bila kusimama. Inayosimama ni ile ya kaunti, moja kila upande kwa siku, ikiondoka Nairobi na Mombasa saa mbili asubuhi. Mtu wa Emali anayekwenda Nairobi huingoja itoke Mombasa, naye hufika kituo cha Syokimau baada ya adhuhuri, kisha atafute treni nyingine ya kumfikisha katikati ya jiji. Akimaliza shughuli zake, treni ya kurudi ni ya kesho asubuhi. Mgonjwa mwenye miadi ya asubuhi katika Hospitali ya Kenyatta hawezi kuitumia, wala mfanyabiashara anayenunua bidhaa Gikomba na kurudi siku hiyo hiyo. Ratiba hiyo ilitungwa kwa ajili ya msafiri wa Mombasa, na mtu wa Makueni anajipenyeza humo akibahatika.

Ndiyo maana nasema ile reli ya zamani ndiyo yenye jibu. Haijafa: treni za mizigo bado huitumia, na pale Konza ndipo inapoungana nayo njia ya Magadi, iliyojengwa kusafirisha magadi ya ziwani. Treni za wasafiri wa kila siku wa Nairobi tayari hufika Lukenya, ng'ambo ya Athi River. Hatua inayofuata kwenye njia hiyo hiyo ni Konza, jirani na Malili ambako serikali ilitenga ekari 5,000 kwa ajili ya mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013. Kuanzia hapo treni inaweza kuendelea hadi Ulu, Kima na Sultan Hamud, na mwisho Emali. Treni moja iondoke alfajiri na irudi jioni. Hayo tu ndiyo yanayohitajika kwa kuanzia.

Kwamba njia kuukuu inaweza kufufuliwa si ndoto. Reli ya Thika hadi Nanyuki ilikuwa imefunikwa na vichaka kwa miaka, lakini ilikarabatiwa na treni ya abiria ikarudi Nanyuki mwishoni mwa 2020. Dar es Salaam ilifanya hivyo mapema zaidi. Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, mabehewa yaliyokarabatiwa yalianza kubeba wakazi wa jiji kwenye reli zilizokuwepo tangu zamani, ile ya kati na ile ya TAZARA, na watu wakaipa treni jina la waziri huyo. Hakuna aliyesubiri reli mpya. Nanyuki inatoa pia onyo: treni inayokwenda mwisho wa wiki tu ni ya matembezi, na haimfai anayekwenda kazini.

Wapo watakaosema treni hiyo ni ya polepole na matatu itaishinda. Kwa mwendo, ni kweli. Lakini anayelala Salama au Emali na kufanya kazi Nairobi hupoteza muda mwingi kwenye msongamano wa Mlolongo, na barabara ya Mombasa, hasa kipande cha Salama, imeua watu wengi mno kiasi kwamba usalama pekee ni sababu tosha. Wengine watasema abiria ni wachache. Leo wanahesabiwa wapi, ikiwa hakuna treni ya kupanda? Wenye matatu nao wana hofu ya haki, ingawa stesheni yenye treni ya alfajiri huhitaji magari ya kuwaleta watu kutoka Wote, Nunguni na hata Mbumbuni. Safari ndefu itapungua, na zile fupi zitaongezeka.

Hoja moja ya wanaounga mkono reli siwezi kuikubali, ile ya maembe. Husemwa kwamba treni itayaokoa maembe na machungwa ya Mbooni kutoka mikononi mwa madalali. Sidhani. Lori huingia hadi shambani Mbumbuni na kushusha Marikiti, ilhali treni ingelazimu mzigo upakiwe na kushushwa mara mbili, na embe haliwezi kuvumilia hivyo. Mkombozi wa mwenye embe ni kiwanda cha matunda cha Kalamba kikiwa na uwezo wa kununua mavuno kwa bei nzuri. Reli itetewe kwa lile inaloweza kulifanya vizuri, nalo ni kubeba watu wengi kwa nauli ndogo kwa saa inayotegemewa.

Kuna kikwazo cha sheria pia. Jedwali la Nne la Katiba limeipa Serikali ya Taifa reli zote, na kaunti ikaachiwa barabara zake na usafiri wa umma wa barabarani. Gavana wa Makueni hawezi kuamuru treni isimame Kima. Lakini anaweza kutengeneza barabara za kufika stesheni, kuweka taa na kituo cha matatu mlangoni, na kushirikiana na Shirika la Reli kulinda ardhi ya reli isivamiwe zaidi. Wabunge wa Kilome, Kaiti, Mbooni na Makueni, kwa upande wao, wana kiti Bungeni panapopitishwa bajeti ya shirika hilo. Kabla ya bajeti ijayo, waliulize shirika jambo moja na wasikubali kuondoka bila tarehe: treni inayoishia Lukenya itafika Konza lini?