Komisiyoneri alipwe, lakini kwa bei iliyoandikwa

Mfanyabiashara anayevuka Petite Barrière kila siku anajua bei ya karibu kila kitu. Anajua gunia la maharage limepanda kiasi gani tangu Jumatatu, na faranga za Kongo zinabadilishwa kwa ngapi asubuhi na kwa ngapi jioni. Lakini siku anapotafuta stoo Mbugangari, chumba cha duka Majengo au kiwanja Rugerero, mtu huyohuyo huanza kumfuata komisiyoneri bila kuuliza swali la kwanza: huyu atanigharimu kiasi gani, na ni nani mwingine anayemlipa?

Hatuwabezi makomisiyoneri. Anayetoka Goma au Kampala hana siku tano za kuzunguka mitaa ya Gisenyi akigonga milango. Dalali mwaminifu anamwokolea muda, na muda wa mchuuzi ni mtaji. Kazi hiyo inastahili malipo. Tunachokataa ni malipo yanayofichwa.

Gharama za dalali haziko mahali pamoja. Kuna pesa ya kuonyeshwa nyumba, inayotoka hata kama hukuipenda. Kuna komisheni ya asilimia. Kuna dalali anayelipwa na mnunuzi kwa siri na muuzaji kwa siri, kila mmoja akidhani ni mtu wake. Na kuna kile kinachoitwa cha juu.

Tufanye hesabu. Tuseme mwenye stoo anataka faranga 20,000,000. Dalali anamwambia mnunuzi kuwa bei ni 22,000,000, kisha anadai asilimia 5. Mnunuzi anaamini amelipa 1,100,000 kwa kazi ya dalali. Kwa kweli amelipa 3,100,000, kwa sababu zile 2,000,000 za juu hazikumfikia mwenye mali. Mtaji wa miezi kadhaa umepotea katika mazungumzo ya dakika kumi.

Kwa mpangaji pia hesabu ni muhimu. Tuseme chumba cha duka ni 150,000 kwa mwezi na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Ukihama baada ya miezi 6, umeongeza 25,000 juu ya kila mwezi uliokaa. Ukikaa miaka 2, nyongeza hiyo inashuka hadi 6,250. Anayetaka mahali pa msimu mmoja tu hana sababu ya kulipa sawa na anayetaka kuweka mizizi.

Asilimia yenyewe ina kasoro: dalali wa mnunuzi hupata zaidi bei inapopanda. Kwa hiyo tunashauri mnunuzi apatane naye kiasi maalumu, kiandikwe kabla ya kuona nyumba ya kwanza, na kilipwe baada ya kusaini mbele ya notaria. Mkataba huo utaje pia kwamba hatapokea kitu kutoka upande wa pili. Na bei isikiwe kutoka kinywani mwa mwenye mali mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena komisheni hainunui uhakika. Kila kiwanja Rwanda kina namba yake, UPI, na hati za ardhi sasa hutolewa kwa njia ya kielektroniki. Kwa namba hiyo unaweza kuhakiki taarifa za kiwanja kabla ya kutoa hata faranga moja. Ikiwa hati ina majina ya mume na mke, wote wawili lazima wakubali. Kuhusu thamani, dalali si mthamini: wathamini wa mali wana sheria yao tangu 2010. Uliza pia kuhusu maji. Mafuriko ya Sebeya ya Mei 2023 yalibomoa nyumba nyingi hapa Rubavu, na ukanda wa mita 50 kutoka Ziwa Kivu unalindwa. Nyumba ya bei poa mahali pa hatari si nafuu.

Kwa ndugu zetu wasio Wanyarwanda tunaongeza neno. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Hata hivyo kifungu cha 15 cha itifaki hiyo kinaacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Dalali anayekuambia "sote ni Jumuiya, nunua tu" anakupoteza. Na anayekushauri uandikishe kiwanja kwa jina la mtu mwingine anakuweka pabaya zaidi, kwani mbele ya sheria mwenye mali ni aliye kwenye hati. Pita kwa notaria wa ardhi uulize haki zako kwanza.

Lakini mzigo huu wote usibebwe na mnunuzi peke yake. Kenya ina bodi ya kusajili mawakala wa nyumba na ardhi, iliyowekwa na sheria. Tunaiomba Wilaya ya Rubavu ikae na makomisiyoneri na vyama vya ushirika vya wachuuzi wa mpakani, iweke orodha ya wanaotambuliwa, na viwango vya malipo vibandikwe kwenye ofisi za sekta na katika soko la mpakani. Karatasi moja ya mkataba, kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, ingetosha kuanza. Komisiyoneri mwaminifu hatapoteza kitu. Atapata wateja ambao leo wanamkwepa kwa sababu ya makosa ya wenzake.

Mpaka huu umeishi kwa imani kati ya watu wa pande mbili. Imani hiyo inadumu pale kila mmoja anapojua amelipa nini, na amemlipa nani.