Mafuta Yaliyomwagika Yana Mwenyewe



Ndugu zangu, sisi tunaoishi Changamwe, Miritini, Mazeras hadi Mariakani tuko kando ya njia ya mafuta. Malori ya petroli hupita milangoni petu usiku na mchana yakielekea bara. Siku lori likipinduka, hapatakuwa na wakati wa mashauri; kila nyumba yapaswa iwe imekwisha kukubaliana la kufanya.

Tuyakumbuke yaliyopita. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori lilianguka na watu wakaenda kuteka mafuta. Moto ukazuka, na waliofariki walizidi 100. Tarehe 10 Agosti 2019 yakajiri yayo hayo Morogoro, Tanzania, Idi ya kuchinja ikiwa imekaribia. Huko nako walizidi 100. Wengi wa walioungua walikuwa wameliendea lori kwa miguu yao.

Husemwa: yamekwisha kumwagika, hiyo ni riziki. La, si riziki. Kumwagika hakuondoi umiliki. Hata kitu kilichookotwa njiani kina hukumu zake, na aliyekiokota hutakiwa akitangaze. Sembuse mali ambayo mwenyewe anajulikana, na dereva wake yuko pale pale anavuja damu? Miongoni mwa makusudio makuu ya sharia ni kuhifadhi nafsi na kuhifadhi mali. Mwenye kuteka mafuta hayo huyavunja yote mawili kwa debe moja.

Tena tujue kwamba kinachowaka ni mvuke wa petroli. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hujaa mitaroni na mabondeni, na hufika mbali bila kuonekana. Cheche ya bodaboda, sigara, au jiko la mama anayekaanga mahamri yatosha kuuwasha.

Basi ondokeni upesi, mkielekea unakotoka upepo na mahali palipoinuka. Washikeni watoto. Msiwashe pikipiki wala kibiriti. Mkishafika mbali, pigeni simu 999 au 112. Kumsaidia majeruhi ni jambo tukufu, lakini penye mvuke mwingi au moto waachieni wazimamoto wenye vifaa. Umati haumwokoi mtu. Ikiwa ni kemikali msiyoijua, msiiguse wala kuinusa. Aliyerukiwa nayo avue nguo, ajimwagie maji mengi kwa muda usiopungua robo saa, kisha apelekwe hospitali.

Nyumbani pia pana hatari. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua madirisha, utoe watu nje. Mafuta yakishika moto kaangoni, usiyamwagie maji, kwani moto utaruka. Zima jiko, funika kaango, uliache lipoe. Nguo ikiwaka, usikimbie: lala chini ujiviringishe.

Wazazi, zungumzeni na vijana wenu leo baada ya Maghribi. Uzito wa maisha twaujua, na debe la petroli ni chakula cha siku kadhaa. Lakini kijana kurudi mikono mitupu ni bora kuliko kuletewa mama yake katika sanda.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia na atuhifadhi sote. Amin.